Linalala Hapa

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi bila kibali. Kibali chenyewe hutolewa katika ghorofa ya tano ya jengo lenye ghorofa nne, kwa hiyo sisi tutaiita nchi hiyo nchi tu, na atakayetaka kujua zaidi apande ngazi mwenyewe.

Ni nchi inayopendwa mno na viongozi wake. Waziri wa Makazi Bora aliipenda kiasi kwamba alikuwa akiikimbia mara kwa mara ili apate kuikumbuka. Katika mojawapo ya safari hizo alifika ughaibuni, akatembezwa mitaani na wenyeji wake, na aliporudi alikuwa na habari iliyomkosesha usingizi ndani ya ndege: watu waliostaarabika siku hizi hawana magari. Wanajengewa majumba marefu yasiyo na maegesho, wanahamia humo na mabegi yao, na wanashukuru.

Hakukaa na habari hiyo peke yake. Aliitisha mkutano katika kiwanja cha mpira cha Pumzika, kitongoji cha nyumba za bati kilichobanana nyuma ya mji mkuu, akapanda jukwaani huku msafara wake ukimngoja na injini zikinguruma ili viyoyozi visizime.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Gari ni kelele! Gari ni moshi! Gari ni ubinafsi wa kikoloni! Nchi yetu haiwezi kuachwa nyuma katika mbio za kuacha magari. Hapa mnaposimama patajengwa Makazi Yasiyo na Gari, ya kwanza katika ukanda huu wote!"

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kibwana, mtu mwenye masikio makubwa na bahati ndogo, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, tunashukuru. Ila sisi wa Pumzika tayari hatuna magari. Hatujawahi kuwa nayo."

Waziri alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, ninyi mmekosa magari. Kukosa gari ni umaskini, na serikali yenu inaupiga vita usiku na mchana. Kutokuwa na gari ni maendeleo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa."

Watu walipiga makofi, kwa sababu askari waliosimama nyuma yao walikuwa wameshaanza kupiga. Kazi ya kujenga alipewa shemeji yake Waziri, aliyeshinda zabuni kwa sifa zake mwenyewe, mojawapo ikiwa kwamba ni yeye peke yake aliyeambiwa kuna zabuni.

*

Tusije tukafikiri kwamba nchi hiyo haina utaratibu. Utaratibu inao mwingi kuliko mchele. Sheria yake ya ujenzi ilinakiliwa neno kwa neno kutoka huko huko ughaibuni, na inasema hivi: huwezi kujenga nyumba zisizo na magari mpaka upime mitaa ya jirani na kuthibitisha kwamba magari ya watakaohamia humo yatapata mahali pa kulala. Mtu wa kawaida atauliza, magari yapi, ikiwa hawana magari? Ndiyo maana mtu wa kawaida hapewi wizara.

Upimaji huo, sheria ilisema, ufanyike usiku, wakati watu wamelala na kila gari liko nyumbani kwake. Hapo palikuwa na tatizo dogo. Maafisa wa Idara ya Maegesho hawakuwa na mapenzi na usiku, wenye mbu na vibaka. Ikatolewa amri kwamba, kwa madhumuni ya upimaji, usiku utaanza saa nne asubuhi na kucha adhuhuri, na kwamba wakazi wote wa mtaa unaopimwa watatakiwa kuwa wamelala.

Tatizo jingine lilikuwa la mashine. Sheria ya ughaibuni ilieleza kwa kirefu gari ni kitu gani, maelezo yakajaza ukurasa mbele na nyuma. Mashine ya kunakili ya wizara ilikuwa mbovu, ilitoa upande wa mbele tu. Upande wa nyuma ndiko ilikokuwa habari ya injini, usukani na viti. Upande wa mbele ulisema: gari ni chombo chenye magurudumu manne, kilicholala kando ya barabara, ambacho hakiwezi kuondoka chenyewe. Mahali popote kando ya barabara pasipolala gari ni nafasi, na nafasi zote ni mali ya Serikali.

Bunge likapitisha upande huo wa mbele kwa kauli moja, likaenda kula.

*

Bi Sihaba hakuwa na habari ya bunge. Alikuwa na habari ya mgongo wa mumewe.

Mumewe, Mzee Pazi, alikuwa fundi lipu. Nusu ya ofisi za serikali katika mji ule zilipigwa lipu na mikono yake, na alikuwa na tabia, hata akiwa mgeni nyumbani kwa watu, ya kupitisha kiganja ukutani akitafuta kifundo, yaani mahali lipu ilipovimba bila kusawazishwa. Kisha kiharusi kikamwangusha akiwa juu ya jukwaa la kazi. Upande wake wa kulia ukafa, na ulimi nao. Yakabaki macho na mkono wa kushoto.

Daktari wa hospitali ya wilaya alimwambia Bi Sihaba bila kuzungusha. "Mama, huyu mzee anataka hewa. Mgeuze mara kwa mara asioze mgongo, na mchana asilale ndani. Chini ya bati lile, kwa jua hili, hamalizi kiangazi." Muda mfupi baadaye hospitali ile ikafungwa na kufanywa Makumbusho ya Afya, ili wananchi waende kuona afya ilivyokuwa.

Vitanda vya hospitali vilipotupwa nje, Fundi Ngwali, seremala wa jirani, aliokota magurudumu manne na kuyafunga kwenye miguu ya kitanda cha kamba cha Mzee Pazi. Tangu hapo Bi Sihaba, mwanamke mdogo wa umbo na mwenye goti bovu, aliweza kumtoa mumewe peke yake. Kila asubuhi alikisukuma kitanda mpaka nje, akakibananisha na ukuta wa nyumba upande wenye kivuli, akaweka vigingi vya mti chini ya magurudumu. Mzee Pazi alilala pale siku nzima, upepo ukimpita, kiganja chake cha kushoto kikienda na kurudi juu ya ukuta alioupiga lipu mwenyewe siku za ujana wake. Wapita njia walimsalimia, naye aliwaitikia kwa kope. Hakuwa mzima, lakini alikuwa mtu wa mtaa.

Bi Sihaba hakuomba kitu kingine duniani. Aliomba kile kipande cha kivuli tu, urefu wa kitanda kimoja.

*

Siku ya upimaji ilipofika, kipaza sauti kilipita saa tatu na nusu kikiwakumbusha watu kulala. Milango ikafungwa. Mama Zamda, jirani wa ukuta kwa ukuta, alizima jiko na maandazi yakiwa bado kwenye mafuta, akajilaza juu ya mkeka akiwatukana wote kwa sauti ya chini. Saa nne usiku ukaingia, jua likiwa kali ajabu.

Mpimaji aliitwa Bwana Kasusura. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa, alishika chaki, na alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha zoea kusikiliza mambo ambayo hawezi kuyafanyia kitu. Alitembea Mtaa wa Pumzika kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mahali aliandika chini kwa chaki: NAFASI. NAFASI. NAFASI. Mtaa mzima haukuwa na kitu kilicholala, isipokuwa kimoja.

Bi Sihaba alikuwa ameketi kizingitini. Hakuweza kulala kwa amri.

"Hamjambo, mama."

"Hatujambo, mwanangu. Nasikia tumelala."

"Mmelala, ndiyo. Wewe umeamka, ila mimi sikukuona." Aliinama kwenye kitanda, akagusa gurudumu moja baada ya jingine, akafungua mwongozo wake. "Hili linalala hapa kila siku?"

"Analala hapa kila siku."

"Limelala tangu lini?"

"Amelala tangu mwezi wa Mfungo Tatu."

"Linawaka?"

"Homa ikimpanda, anawaka."

"Linaweza kuondoka lenyewe?"

"Haondoki. Namsukuma mimi."

Bwana Kasusura alifunga mwongozo. "Basi, mama, hili ni gari."

Bi Sihaba alicheka kidogo, akidhani ni utani wa watu wa serikali. Alipoona mwenzake hacheki, akasimama. "Huyu ni mume wangu. Anaitwa Pazi. Dari la ofisi yenu alilipiga lipu yeye."

"Nalitazama kila siku. Halina hata ufa mmoja." Akasema hivyo kwa heshima, akimwelekea Mzee Pazi, kisha akashusha sauti. "Mama, nikueleze kama mwanao. Nimepewa maneno mawili tu, gari na nafasi. La tatu sina. Nikisema hapa hapana gari, basi hapa ni nafasi, na nafasi ni ya Serikali. Ghorofa zikiisha atakuja mkubwa mmoja alilaze gari lake ukutani kwako, na mzee atarudi ndani."

"Ndani atakufa."

"Ndiyo maana nakuuliza taratibu. Linalala hapa, au halilali?"

Bi Sihaba alimtazama mumewe. Mzee Pazi alikuwa akimtazama yeye. Alikuwa akisikia kila kitu, kama kawaida. Kiharusi kilimwachia masikio yote mawili. Bi Sihaba hakuwa mtu wa kusema uongo, na ukweli ulikuwa umelala mbele yake umemkodolea macho. Akageuza uso akatazama barabara.

"Linalala hapa," alisema.

Kiganja cha Mzee Pazi kikasimama juu ya ukuta.

Bwana Kasusura aliandika kwa chaki kwenye ubao wa kitanda, upande wa miguu: GARI. Akaaga kwa adabu, akaenda zake. Bi Sihaba alipiga magoti karibu na sikio la mumewe. Haya ilimchoma kifuani mpaka akashindwa kumtazama.

"Nisamehe, Baba Mwanahawa," alisema. "Ni neno tu."

Ilipita kitambo kabla kile kiganja hakijaanza tena kwenda na kurudi.

*

Mambo ya mtaani hayana siri. Kabla ya jua kutua, kila mtu Pumzika alijua kwamba ukuta wa Bi Sihaba umesalimika kwa sababu pana kitu chenye magurudumu. Walijua pia kwamba Idara lazima irudi kupima mara ya pili, maana ndivyo sheria ilivyotaka. Fundi Ngwali hakupata usingizi wiki hiyo. Alifunga magurudumu kwenye jiko la Mama Zamda, kwenye benchi la wacheza bao, kwenye banda la kuku, kwenye meza ya kinyozi. Wazee wa msikiti walikaa kikao kirefu, kisha wakaleta jeneza la msikiti, lile la kubebea maiti wa mtaa mzima, nalo likafungwa magurudumu na kulazwa kando ya barabara.

Bwana Kasusura aliporudi hakupata hata mahali pa kukanyaga. GARI, aliandika. GARI, GARI, GARI. Wengine walimwona akitabasamu.

Idara ikatangaza kwamba Mtaa wa Pumzika una msongo wa maegesho wa kiwango cha juu kabisa, na sheria ilikuwa wazi: penye msongo, ghorofa zisizo na magari haziwezi kuruhusiwa. Pumzika walifanya sherehe. Mama Zamda aligawa maandazi bure, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Mzee Kibwana akahutubia watu akiwa amesimama juu ya jiko la mama huyo.

Bi Sihaba naye alicheka siku hiyo. Alimlisha mumewe uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, akamwambia, "Umeona, Baba Mwanahawa? Umeushinda mtambo wa serikali ukiwa umelala."

Mzee Pazi alifumba jicho moja, kama alivyokuwa akifanya zamani akiinyoosha pembe ya ukuta.

*

Waziri alipopelekewa habari hizo hakukasirika. Wanaokasirika ni watu wadogo. Alikwenda redioni.

"Nimehuzunika," alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kutosha, "kusikia kwamba wananchi wangu wa Pumzika, watu wanyonge, wamelemewa na magari! Magari yamejaa mpaka milangoni mwao! Watoto hawana pa kuchezea! Serikali sikivu haiwezi kukaa kimya. Kuanzia sasa natangaza Mtaa wa Pumzika kuwa mtaa usio na gari. Magari yote yaliyolala humo yataondolewa, kwa gharama ya Serikali, kama zawadi."

Yakiondolewa magari, mtaa utakuwa na nafasi. Ukiwa na nafasi, ghorofa zitaruhusiwa. Wataalamu wa sheria waliusifu uamuzi ule, na mmoja wao aliyekuwa na mashaka akateuliwa kuwa balozi wa mahali penye baridi.

Kesho yake mapema Bi Sihaba alimtoa mumewe kivulini, akamwomba Mama Zamda amtupie jicho, akaenda Idara ya Maegesho. Alijifunga khanga mpya, maana alikwenda kusema ukweli. Dirishani alikuta afisa wa kike mwenye kucha ndefu na miwani.

"Mwanangu, nimekuja kufuta. Mnasema kwangu pana gari. Sina gari. Ni mume wangu, mgonjwa, hajiwezi."

Afisa alipekua, akapata. "Hapa pameandikwa wewe mwenyewe ulisema linalala hapa."

"Nilisema ili asiondolewe."

"Na litaondolewa kwa sababu ulisema. Mama, usitufanye watoto. Siku ya kupimwa mnasema ni gari, siku ya kuondolewa mnasema ni mtu. Leo nimeletewa benchi ambalo ni shangazi wa mtu."

"Njoo nyumbani umwone. Ana macho. Ana jina."

"Si kazi yangu kuliona. Lakini utaratibu upo, mama, hatukunyimi haki." Afisa akasogeza miwani. "Lilete hapa. Lije lenyewe kwa miguu yake, lisimame mbele ya dirisha hili, litaje jina lake kwa sauti. Likiweza, tunalifuta hapo hapo."

Bi Sihaba aling'ang'ania ukingo wa dirisha. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Mwishowe alishikwa bega na kusogezwa, si kwa ubaya, na mtu aliyekuwa amebeba banda la kuku.

*

Aliporudi, mtaa ulikuwa mweupe. Hapakuwa na jiko, hapakuwa na benchi, hapakuwa na kitu. Ukutani kwake vilibaki vigingi viwili vya mti na kibuyu cha maji kilichomwagika.

Mama Zamda alikuwa ameketi chini katikati ya barabara, kilemba kimemvuka, sauti imemkauka. "Niliwapigia kelele, Sihaba! Niliwaambia humo mna mtu! Nikamshika mguu! Dereva akaniambia, 'Tumeona, mama, ndilo lenye maandishi.' Wakalifunga mnyororo. Winchi ikamnyanyua juu kwa juu, na yeye ananitazama tu. Ananitazama, Sihaba."

Bi Sihaba hakungoja amalize.

Uwanja wa Magari Yaliyokamatwa uko nje ya mji, kwenye tambarare la changarawe lisilo na mti wala paa, limezungushiwa uzio wa waya. Alifika jua likiwa limepita utosi. Mtunza uwanja, kijibwana mnene aliyeitwa Mdachi, alikuwa chini ya mwavuli langoni.

"Limeletwa leo asubuhi," alisema Bi Sihaba akihema. Neno lile lilimtoka lenyewe, akalirudisha haraka. "Ameletwa. Mzee. Yuko juu ya kitanda cha kamba."

"Aina gani?"

"Ni mtu!"

"Linatumia nini? Petroli, dizeli?"

"Uji," alisema Bi Sihaba, na machozi yakaanza kumtoka. "Anakula uji. Nimwachie uji na maji tu, baba yangu. Nimgeuze mgongo, nitoke. Sitamwiba."

Mdachi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kazi. "Vyombo vilivyokamatwa haviongezwi mafuta uwanjani, mama. Ni hatari ya moto. Njoo keshokutwa na kibali cha Idara, maana kesho ni sikukuu ya kuweka jiwe la msingi, hatufungui."

Bi Sihaba alizunguka uzio mpaka akamwona mumewe. Walikuwa wamempanga katika mstari, kati ya jeneza la msikiti na lori lililoungua. Jua lilikuwa linampiga usoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka nje ya kitanda, kiganja wazi, ukienda na kurudi hewani, ukitafuta ukuta.

"Baba Mwanahawa!" aliita. "Niko hapa! Nimekuja!"

Mkono ukasimama, ukageuka upande wa sauti. Bi Sihaba alivua khanga yake mpya, akaitupa juu ya uzio ili imfunike jua. Upepo ukaichukua, ukaitundika kwenye kioo cha lori.

Siku ya sikukuu alikuwa pale pale kwenye waya tangu asubuhi. Walimfukuza akarudi, wakamfukuza tena akarudi. Vipaza sauti vya Pumzika vilisikika mpaka huko. "Hakuna gari hata moja!" Waziri alikuwa akisema, na makofi yakafuata. Mama Zamda alieleza baadaye kwamba wageni waalikwa, waliokuja kutazama ghorofa watakazohamia, hawakupata taabu yoyote ya kuegesha. Mtaa wa Pumzika ulikuwa na nafasi tele, na gari moja jeusi, zuri sana, lililala siku nzima kwenye kivuli cha ukuta wa Bi Sihaba.

Jua lilipokuwa katikati ya mbingu, Bi Sihaba alikuwa bado akimsemesha mumewe kutoka kwenye uzio. Alimsimulia habari za lipu, za binti yao, za siku walipohamia nyumba ile na ukuta haujakauka. Mkono ulikuwa ukimjibu. Baadaye ulikuwa ukijibu kwa kuchelewa. Halafu akaona umening'inia tu, akaendelea kusema, kwa sababu aliogopa kunyamaza.

*

Kesho yake lango lilifunguliwa. Mzee Kibwana, Fundi Ngwali na wanaume wengine wawili watatu wa Pumzika walimsindikiza Bi Sihaba, wakiwa wamejiandaa kwa maneno na, maneno yakishindikana, kwa mikono. Mdachi aliwaona kutoka mbali, akasimama, akavua kofia. Hakuwa chini ya mwavuli safari hii. Alikwisha zungumza na wakubwa kwa simu, na wakubwa walikwisha mwelekeza vizuri. Gari likifa uwanjani, mtunza uwanja ndiye anayejibu. Mtu akifa, hiyo ni habari ya hospitali, nayo siku hizi ni makumbusho.

"Mama," alisema kwa sauti laini, "pole sana. Mzee amefariki."

Wanaume wakainamisha vichwa. Mzee Kibwana akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Bi Sihaba hakulia.

"Umesemaje?"

"Amefariki, mama. Tangu jana. Mnaweza kumchukua, yeye hana kizuizi chochote. Ila kitanda kibaki, kile kina magurudumu. Na lile jeneza pia, lina magurudumu, hatuwezi kulitoa."

Alisogea kando awapishe. Bi Sihaba hakupita. Alimkaribia mpaka Mdachi akarudi nyuma hatua moja, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kifundo kwenye ukuta.

"Amefariki," alisema. "Kumbe ulikuwa unajua kusema."

Kisha akaingia ndani kumgeuza mumewe mgongo.